Kati ya ruta na modemu, nibadilishe kipi ili intaneti ya nyumbani Buswelu iongeze kasi?

Mkazi wa Buswelu (mwuliza swali)

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu kabla sijatoa fedha. Ninaishi Buswelu, wilayani Ilemela, katika nyumba ya vyumba vinne iliyojengwa kwa matofali ya saruji na kuezekwa kwa bati. Tunatumia ruta ya 4G inayochukua laini ya simu, nayo tumeiweka sebuleni nyuma ya runinga kwa sababu hapo ndipo palipo na soketi. Mchana mambo huenda vizuri kiasi, lakini kuanzia saa moja jioni kasi hushuka sana. Mke wangu anasoma shahada ya uzamili kwa njia ya mtandao, na mara nyingi hulazimika kuzima kamera ili aweze kumsikia mhadhiri. Chumba cha nyuma, anakosomea kijana wetu wa kidato cha tatu, hakipati kitu cha maana kwa saa yoyote.

Fundi mmoja ananishawishi ninunue ruta kubwa yenye antena nane na maandishi ya Wi-Fi 6 (kizazi cha sita cha Wi-Fi), akisema kwamba itamaliza tatizo lote. Wakati huohuo nimesikia kuwa faiba inasogea upande wetu. Nilipojaribu kujisomea, makala nyingi zilinielekeza ninunue modemu ya DOCSIS 3.1 pamoja na ruta yangu mwenyewe ili niache kukodi vifaa vya kampuni, lakini wauzaji niliowauliza mjini hawakijui kifaa hicho. Je, ruta na modemu ni vitu viwili tofauti kweli, au ni majina mawili ya kitu kimoja? Na nitajuaje ni kipi kinachonikwamisha kati ya hivyo viwili? Bajeti yangu ni shilingi laki mbili na nusu, nami ningependa zitumike mahali penye tatizo.

Fundi Mitandao, Kirumba

Ndugu yangu wa Buswelu, usinunue kitu bado. Makala ulizosoma ziliandikwa kwa ajili ya watu wa nchi kama Marekani, ambako nyumba nyingi hupata intaneti kupitia waya wa shaba wa televisheni ya kebo. DOCSIS ni kanuni ya kupitisha data katika waya huo, na modemu ya aina hiyo, hata ukiiagiza na ikafika salama, haitakuwa na mahali pa kuchomekwa nyumbani kwako. Kwetu njia kuu ni mbili: mawimbi ya mnara wa simu, au faiba pale ilipofika.

Modemu ni kifaa kinachozungumza na njia ya kampuni na kuigeuza kuwa data ambayo vifaa vya nyumbani vinaielewa. Ruta huipokea data hiyo, huigawa kwa kila simu na kompyuta, na kwa kawaida ndiyo inayorusha Wi-Fi. Kisanduku chako cha 4G kina vyote viwili ndani yake, na ndiyo maana watu wengi huviita kwa jina moja. Ukiweka ruta ya antena nane nyuma ya kisanduku hicho, utakuwa umeboresha safari ya kutoka sebuleni hadi chumbani tu. Kama kasi inapotea kati ya mnara na sebule, antena zile nane hazihusiki hata kidogo, kwa sababu hazizungumzi na mnara. Zinazungumza na simu zenu.

Kwa hiyo pima kwanza. Chukua kompyuta mpakato, iunganishe na ruta kwa waya wa mtandao, zima Wi-Fi ya kompyuta hiyo, waombe walioko nyumbani wasitumie intaneti kwa dakika chache, kisha pima kasi ya kupakua na ya kupakia. Rudia kwa Wi-Fi ukiwa hatua mbili kutoka kwenye ruta, halafu ukiwa chumba cha nyuma. Vipimo hivyo uvifanye mchana, na tena saa mbili usiku. Ikiwa kipimo cha waya ni kizuri na cha chumbani ni kibaya, tatizo ni Wi-Fi yako. Ikiwa hata cha waya ni kibaya, tatizo liko upande wa modemu au mnara. Uwe mwangalifu na vizio vyenyewe: kampuni hutangaza kasi kwa megabiti, ilhali programu nyingi za kupakua mafaili huonyesha megabaiti, na megabaiti 1 ni megabiti 8. Wateja wengi hunijia wakiamini wameibiwa, kumbe wanalinganisha vizio viwili tofauti.

Baada ya hapo ingia kwenye ukurasa wa ruta yenyewe. Anwani yake huandikwa kwenye kibandiko cha chini, mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.8.1. Tafuta mahali palipoandikwa RSRP na SINR. RSRP ni nguvu ya mawimbi ya mnara yanayofika, na husomwa kwa hasi: −85 ni nzuri, −100 ni dhaifu, na ukishuka chini ya −110 unahangaika tu. SINR hueleza jinsi mawimbi hayo yalivyo safi yakilinganishwa na makelele. Ikizidi 13 ni nzuri, ikikaribia 0 ni mbaya. Watu hutazama idadi ya mistari kwenye taa ya ruta, nayo mistari hiyo haielezi habari ya SINR, ambayo mara nyingi ndiyo inayoamua kasi.

Tazama pia daraja la modemu iliyomo ndani. Ruta nyingi za 4G za bei nafuu ni za Cat 4, ambazo kikomo chake kinadharia ni megabiti 150 kwa sekunde na hutumia mkanda mmoja wa masafa kwa wakati mmoja. Za Cat 6 zinaweza kuunganisha mikanda miwili, na kikomo chake hufika 300. Usivutwe na hiyo 300, kwa maana huenda usiione kamwe. Faida halisi ni kwamba, mnara unapotoa mikanda miwili, modemu hupata njia ya pili ile ya kwanza inapojaa watu.

Mwana Nyegezi

Nakubaliana na Fundi, ila naongezea jambo la mahali tunapoishi, kwa kuwa Mwanza si tambarare. Mawimbi ya 4G hayapenyi kilima cha miamba kama ile ya Capri Point au ya Bugando. Nyumba mbili za mtaa mmoja, moja ikiwa mbele ya jabali na nyingine nyuma yake, zinaweza kutofautiana kabisa kwa mtandao uleule na kifurushi kilekile. Ndiyo maana sipendi mtu aambiwe kuwa kampuni fulani ni nzuri Mwanza. Inaweza kuwa nzuri Pasiansi na isifae Mabatini juu.

Sisi tunaokaa karibu na ziwa tuna shida nyingine ambayo watu hawaitarajii. Mawimbi husafiri mbali sana juu ya maji bila kuzuiwa na kitu, kwa hiyo dirisha linalotazama ziwa husikia minara ya ng'ambo pamoja na ya karibu. RSRP inaonekana nzuri, lakini SINR inakuwa mbaya kwa sababu minara mingi inaingiliana. Kwangu ruta ilitulia nilipoihamishia upande wa pili wa nyumba, ambako ukuta unaikinga na ziwa na dirisha linaelekea mnara mmoja ulio mlimani. Buswelu iko mbali na maji, lakini funzo la kuhamisha ruta ni lilelile: ibebe pamoja na waya mrefu wa umeme, simama nayo katika kila dirisha, subiri namba zitulie, uandike. Nyuma ya runinga ni mahali pabaya kuliko pote, kwa kuwa runinga yenyewe ina bamba la chuma linalozuia mawimbi ya mnara na ya Wi-Fi vilevile.

Kuna wauzaji watakaokushauri antena ya nje yenye waya mrefu mwembamba unaoingia ndani hadi kwenye ruta. Sikushauri. Waya huo hupoteza nguvu kwa kila mita, na ukiwa mwembamba na mrefu unaweza kula faida yote iliyopatikana kwa kupandisha antena juu. Ikiwa ni lazima kutoka nje, afadhali modemu ya nje iliyo ndani ya kasha lisiloingiza maji, ambayo hufungwa ukutani au kwenye nguzo na kuletewa umeme kupitia waya uleule wa mtandao. Waya wa mtandao unaweza kwenda hadi mita 100 bila kupunguza kasi, hivyo nguvu ya mawimbi haipotei njiani.

Dada wa Steshenari, Igoma

Kaka wa Buswelu, mimi ninatumia faiba dukani, kwa hiyo niseme habari zake, kwani ikifika kwako mahesabu yote yatabadilika. Faiba ikiletwa, kampuni hukufungia kisanduku kidogo kinachoitwa ONT. Hicho ndicho modemu ya faiba, na husajiliwa kwenye mitambo yao kwa namba yake. Huwezi kwenda dukani ukanunua kingine ukakibadilisha mwenyewe, hakitakubaliwa. Unachoweza kubadilisha ni ruta. Wi-Fi ya kisanduku chao mara nyingi ni dhaifu, kwa hiyo watu wengi, nami nikiwa mmojawapo, tumeizima na kuunganisha ruta yetu nzuri nyuma yake kwa waya. Ukifanya hivyo, iweke ruta yako katika hali ya kurusha Wi-Fi tu, bila kugawa anwani, yaani namba zinazovitambulisha vifaa kwenye mtandao. Usipofanya hivyo, mashine ya kuchapisha iliyounganishwa upande mmoja haitaonekana kwa kompyuta iliyo upande mwingine, nalo ni jambo linalosumbua sana katika kazi kama yangu.

Ninaloomba mlizingatie zaidi ni radi. Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani, na dhoruba za ziwani hupenda kuja usiku na alfajiri, wakati hakuna mtu macho wa kuchomoa nyaya. Uzi wa faiba ni wa kioo na haupitishi umeme, hiyo ni faida kubwa. Lakini nyaya nyingi za faiba zinazotoka kwenye nguzo hadi nyumbani zina waya wa chuma pembeni wa kuubebea uzi, na waya huo unapaswa kutenganishwa na kukatiwa nje ya nyumba. Msimamie fundi anayefunga mpaka aufanye hivyo. Wala usidharau njia ya umeme, kwa sababu vifaa vingi vilivyoungua ninavyoviona mtaani vimeunguzwa kupitia soketi. Kinga nzuri ya umeme ni muhimu kuliko antena ya nne. Na yeyote atakayeweka modemu ya nje juu ya bati, kama alivyosema Mwana Nyegezi, nguzo yake lazima iunganishwe na waya wa ardhini; asipoweza kulifanya hilo ipasavyo, bora aifunge ukutani chini ya ukingo wa paa.

Umeme ukikatika, ruta ya kawaida ya volti 12 hutumia wati 12 au pungufu. Betri ya volti 12 na ampea-saa 7 yenye kidhibiti chake cha chaji inaweza kuiendesha kwa saa kadhaa. Mke wako hatakatizwa mtihani kwa ajili ya taa kuzimika.

Mkazi wa Buswelu

Nawashukuru nyote kwa moyo wa dhati. Nimepima kama mlivyoelekeza. Ruta ikiwa nyuma ya runinga, RSRP ilikuwa −106 na SINR 3. Kwa waya nilipata megabiti 31 mchana na 8 saa mbili usiku. Nilipoihamishia dirisha la chumba cha kulia chakula, ambalo linatazama mjini, RSRP ikapanda hadi −94 na SINR 12. Mchana nikapata 52, na usiku 17. Kasi ya kupakia usiku ni 6. Sikutarajia kwamba mahali pa kuweka tu pangekuwa na uzito huo.

Chumba cha nyuma, hata hivyo, bado kinapata megabiti 4 tu kwa Wi-Fi, kwa kuwa sasa kuna kuta tatu katikati. Nimesoma kibandiko: modemu ni ya Cat 4, Wi-Fi yake ni ya gigahezi 2.4 peke yake, na matundu yake ya waya ni ya megabiti 100. Ofisi ya kampuni ya faiba wameniambia kwamba nyaya zimefika barabara kuu lakini mtaa wetu bado. Sasa, je, ninunue modemu ya Cat 6, au ile ruta ya Wi-Fi 6? Fedha haitoshi vyote viwili vizuri.

Fundi Mitandao, Kirumba

Vipimo vyako vimejibu swali kwa kiasi kikubwa. Una matatizo mawili yanayofanana kwa nje. La kwanza ni kuta, nalo ndilo linalomnyima kijana intaneti saa zote. La pili ni mnara unaolemewa jioni, nalo ndilo linaloshusha 52 kuwa 17. Matatizo hayo hayatibiwi kwa kifaa kimoja, na yule aliyekuahidi kwamba ruta ya antena nane itamaliza yote hakukutendea haki.

Ningekuwa mimi, ningeanza na kuta. Acha modemu uliyonayo pale dirishani. Vuta waya wa mtandao kutoka hapo hadi kwenye korido ya katikati ya nyumba, na hapo ufunge ruta ya kawaida yenye masafa yote mawili, 2.4 na 5, ukiiweka juu ukutani katika hali ya kurusha Wi-Fi tu aliyoieleza Dada wa Igoma. Kisha uzime Wi-Fi ya ile ya dirishani. Masafa ya gigahezi 5 yana kasi kubwa lakini hushindwa na kuta haraka. Yale ya 2.4 hupenya zaidi ila hujaa kelele za majirani, kwa hiyo katika 2.4 chagua chaneli 1, 6 au 11, ambazo haziingiliani, ile ambayo majirani wanaitumia kidogo. Kwa nyumba yako Wi-Fi 5 inatosha. Wi-Fi 6 ni nzuri zaidi pale vifaa vinapokuwa vingi, nayo ukiipata kwa tofauti ndogo ya bei ichukue, lakini hesabu ya antena usiifanye kigezo. Kigezo chako kiwe matundu ya gigabiti 1. Megabiti 100 zinakutosha leo, lakini kifurushi cha faiba kinachozidi hapo kingekwama kwenye tundu.

Hiyo ndiyo sababu yangu kuu ya kukuambia ununue ruta kabla ya modemu: faiba ikifika, ruta utaendelea nayo, ilhali modemu ya 4G, iwe Cat 6 au ya juu zaidi, itabaki kuwa ya akiba. Kwa waya, omba wa Cat 5e wenye shaba halisi (hii Cat ni daraja la waya, si ile ya modemu). Mwingi unaouzwa kwa bei ya chini ni alumini iliyopakwa shaba. Hukatika ndani upesi, na ukija siku moja kuutumia kupeleka umeme kwenye modemu ya nje utakusumbua. Kwangua ncha kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, urudishe.

Kuhusu jioni, usilipe kitu kabla hujajaribu mitandao mingine. Waalike majirani au ndugu wenye simu za 4G za kampuni tofauti, wasimame pale dirishani saa mbili usiku, kila mmoja apime kwa data ya laini yake. Ukikuta kampuni moja inatoa 30 wakati yako inatoa 17, suluhisho ni kusajili laini nyingine. Kabla ya kuisajili hakikisha ruta yako haikufungwa kwa mtandao mmoja, kwa kuwa nyingi zinazouzwa na kampuni za simu hufungwa. Ukikuta zote zinalingana, hapo ndipo Cat 6 inapoanza kuwa na maana, na hata hivyo ningesubiri niione faiba inachukua muda gani kutoka barabara kuu.

Megabiti 17 si haba. Simu ya video ya ubora wa juu inahitaji megabiti 3 hadi 4 kwenda na kurudi, kwa hiyo mke wako anapaswa kuonekana na kusikika vizuri. Akiendelea kukatika, chunguza upande wa kupakia. Simu za nyumbani hupandisha picha na video kwenye hifadhi ya mtandaoni bila mtu kujua, zikajaza ile 6 yote, na mazungumzo yakaanza kukwama ingawa kipimo cha kupakua ni kizuri. Ziamuru zipandishe usiku wa manane. Njia imara zaidi ni ruta yenye uwezo wa kupanga foleni ya data, ambao huandikwa SQM, au QoS kwa zile za kawaida: ukiweka kikomo cha kupakia kuwa 5 badala ya 6, foleni haijengeki ndani ya modemu na sauti hupita bila kungoja. Ila upangaji huo hufanywa na kifaa kinachofanya kazi ya ruta, si kinachorusha Wi-Fi peke yake. Ukiamua kuutumia, iache hiyo mpya ya korido igawe anwani, na vifaa vyote vya nyumbani viunganishwe kwake.

Unaponunua, omba risiti na muda wa kurudisha, kisha uhakikishe kuwa kifaa ni cha aina iliyoidhinishwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania. Siku ya kwanza badilisha nenosiri la ukurasa wa ruta pamoja na la Wi-Fi, chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3, zima WPS (njia ya kuunganisha vifaa kwa kitufe au namba fupi bila nenosiri), na usasishe programu yake kabla vifaa vya nyumbani havijaunganishwa. Usiku huohuo pima tena chumba cha nyuma na uziweke namba hapa. Zikiwa bado chini ya 15 karibu na kitanda cha kijana, ruta ihamishwe kutoka ukuta mmoja wa korido hadi mwingine kabla ya kufikiria kununua kirudishia Wi-Fi.